Piza ya Rojo la Kihindi Isiyo na Nyama, kwa Jiko la Nyumbani

Watu wa Malindi hatuhitaji kuelezwa piza ni nini. Waitaliano wamekaa mji huu kwa miongo mingi, na mtoto aliyekulia Shela au Barani huijua harufu ya unga uliokolea moto wa kuni kabla hajausikia mji wa Napoli. Mchuzi wa Kihindi nao ni wa zamani zaidi hapa, kwani Vasco da Gama alipotia nanga mwezi wa Aprili 1498 alikuta vyombo vya Wahindi vimemtangulia bandarini. Hata hivyo, kila ninapopika piza yenye rojo la Kihindi na jibini, bila nyama, majirani na wasichana wanaokuja kujifunza huniuliza maswali yaleyale: mbona unga wangu umelowa katikati? Je, mchuzi wa jana unafaa? Asiye na oveni afanyeje? Nimeona ni heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu, ili anayeanza leo asipoteze unga wake.

Kabla ya yote shika jambo hili, kwa kuwa hatua karibu zote zilizo hapa chini zinatokana nalo: mchuzi wa piza si mchuzi wa wali. Wali unataka mchuzi wenye maji ili ulowane; unga mbichi ukipata maji juu yake hauivi, hugeuka uji. Mara yangu ya kwanza nilichukua mbaazi za nazi zilizobaki asubuhi, nikazimwaga juu ya unga nilioukanda vizuri, nikaoka. Kingo zilikauka mpaka zikavunjika kama biskuti, na katikati palibaki pamelegea hata kijiko kilizama. Unga haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa maji.

Vitu unavyohitaji

Vipimo hivi vinatoa piza 3 za upana wa sentimita 28 hivi, ambazo zinawatosha watu 5 au 6.

Kwa unga:
- Unga wa ngano gramu 500, sawa na vikombe 4 vya mililita 250 visivyoshindiliwa. Unga mweupe wa chapati unafaa. Usitumie unga uliokwisha kutiwa hamira ya unga (baking powder) kwa ajili ya keki.
- Hamira ya chenga, kijiko 1 cha chai.
- Sukari kijiko 1 cha chai, na chumvi kijiko 1 na nusu cha chai.
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vikubwa.
- Maji mililita 280 hadi 300.

Kwa rojo:
- Vitunguu maji 2 vikubwa, nyanya 5 zilizoiva sana, thomu (kitunguu saumu) punje 5, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, pilipili mbichi 1 au 2.
- Bizari ya pilau nzima kijiko 1 cha chai, dania ya kusaga vijiko 2 vya chai, manjano nusu kijiko cha chai, garam masala (mchanganyiko wa viungo vya Kihindi vilivyosagwa) kijiko 1 cha chai, pilipili nyekundu ya unga kwa kiasi unachokiweza.
- Majani makavu ya uwatu, kijiko 1 cha chai. Yanapatikana kwa wauza viungo wa Kihindi, na ndiyo yanayoleta ile ladha ambayo watu huionja wakashindwa kuitaja.
- Samli au mafuta vijiko 3 vikubwa, na tui zito la nazi mililita 100.

Kwa juu:
- Maziwa ya ng'ombe lita 2 yasiyotolewa malai na ndimu 3, kwa ajili ya jibini ya Kihindi iitwayo paneer.
- Jibini ya mozzarella, ile laini ya Kitaliano inayovutika ikiyeyuka, gramu 300, iliyokwaruzwa.
- Pilipili mboga 1, kitunguu 1, koliflawa ndogo nusu, majani ya dania.
- Mtindi mzito vijiko 3 vikubwa.

Vyombo ni vile ulivyo navyo: sufuria yenye kitako kizito, kitambaa cha melimeli, kinu, kifimbo cha kusukumia chapati, sinia za bati au trei ya oveni, na mwiko wa mti wenye ncha bapa.

Neno moja kwa anayempikia mtu asiyekula nyama kwa sababu ya dini. Baadhi ya jibini za dukani hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama. Soma maandishi ya pakiti au muulize muuzaji, kwa maana si vyema mgeni akuamini halafu umlishe asichokula.

Hatua za kazi

1. Gandisha maziwa. Chemsha maziwa polepole huku ukikoroga yasishike chini. Yakianza kupanda, epua, kisha tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja, ukikoroga taratibu. Utaona yanakatika: mabonge meupe yanaelea, na maji yanayobaki yanakuwa ya kijani kilichofifia kinachokaribia manjano. Yakishafikia hapo usiongeze ndimu tena, kwa kuwa ikizidi jibini hukakamaa. Chuja kwa kitambaa cha melimeli ukiyakinga yale maji kwa bakuli, suuza mabonge kwa maji baridi ili uchachu uondoke, kamua, kunja kitambaa kiwe mraba, kisha kikandamize kati ya sahani mbili kwa uzito wa kinu kwa muda wa saa moja. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji hayafai kazi hii, kwani yamepashwa joto kali kiwandani na mabonge yake hayashikani.

2. Kanda unga. Yale maji uliyoyakinga usiyamwage. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, uyatumie badala ya maji ya kukandia. Unga utapata ladha nzuri na rangi ya kahawia iliyokoza. Changanya unga, hamira na sukari, mimina maji mililita 280 kwanza, halafu tia chumvi na mafuta. Ikiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya pwani, punguza chumvi. Kanda kwa kiganja kwa dakika 10, ukisukuma mbele na kukunja nyuma, mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Kosa la wanaoanza ni kuongeza unga kila donge linaponata mkononi. Ngoja. Ukikanda kwa dakika 5 za mwanzo litanata, na baada ya hapo litaacha lenyewe. Paka mikono mafuta kidogo badala ya kuongeza unga.

3. Acha uumuke. Paka bakuli mafuta, weka donge, funika kwa kitambaa kibichi. Wakati wa kaskazi, jua la Malindi likiwa kali, saa moja yatosha na pengine hata dakika 50. Wakati wa kusi hali hubadilika: hewa hupoa, muda hufika saa moja na nusu au zaidi, na pakiti ya unga iliyokaa wazi katika mvua za masika huwa imekwisha kunyonya unyevu, hivyo huhitaji maji pungufu. Kwa hiyo usitazame saa, tazama donge. Likiwa limefikia mara mbili ya ukubwa wake, na ukilibonyeza kwa kidole shimo linarudi polepole bila kujaa, liko tayari.

4. Kaanga vitunguu mpaka vikolee. Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako. Katakata vitunguu vidogo sana, pasha samli, tia bizari ya pilau nzima ngoja ipasuke na kunukia, kisha tia vitunguu pamoja na chumvi kidogo. Vikaange kwa moto wa wastani kwa dakika 12 hadi 15, mpaka viwe na rangi ya kahawia kama tende mbivu. Kitunguu kilicholainika bila kukolea bado kina maji ndani yake, na maji hayo yatatokea baadaye juu ya unga.

5. Tia viungo. Twanga thomu, tangawizi na pilipili mbichi kwenye kinu, uvitie, ukaange mpaka harufu ya ubichi iishe. Punguza moto, tia dania, manjano na pilipili ya unga, pamoja na maji kijiko kimoja ili viungo visiungue. Koroga kwa nusu dakika tu, kwa maana viungo vilivyoungua huwa vichungu na hakuna dawa yake isipokuwa kuanza upya.

6. Tia nyanya na uzikaushe. Zikwaruze nyanya ili maganda yabaki mkononi, uzitie zote, uziache zichemke bila kifuniko. Mvuke sharti utoke. Kwa dakika 10 za kwanza zitarukaruka, halafu sauti ya mchemko itabadilika kutoka kububujika hadi kukaangika, na utaona mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria. Wapishi wengi husimama hapo. Kwa wali ni sawa, lakini kwa piza endelea kwa dakika 5 hadi 8 nyingine, ukikoroga kwa mwiko bapa ili lisishike.

7. Malizia rojo kwa tui, kisha lipime. Tia tui zito, garam masala, na majani ya uwatu uliyoyafikicha kwa viganja. Likoroge mpaka likaze tena. Kipimo changu ni hiki: pitisha mwiko katikati ya sufuria, ukiona kitako wazi kama mfereji na mfereji ule haujifungi mpaka uhesabu hadi 5, rojo liko tayari. Ukitaka uhakika zaidi, weka kijiko kimoja juu ya sahani nyeupe, uisimamishe sahani kidogo. Maji yakichuruzika kutoka kwenye rojo, hata kama ni uzi mwembamba, lirudishe motoni. Ukiridhika, liepue na uliache lipoe kabisa. Rojo la moto juu ya unga mbichi huanza kuulainisha kabla haujafika ovenini.

8. Tayarisha vya juu. Kata jibini yako vipande vya sentimita moja na nusu, uvichanganye na mtindi, manjano kidogo, pilipili na chumvi, uvikaange juu ya tawa (kikaango bapa cha chapati) yenye mafuta machache mpaka vishike rangi pande zote. Koliflawa ivunjwe vishada vidogo na ikaangwe vilevile, kwa sababu haiivi kwa dakika 10 za oveni. Pilipili mboga na kitunguu vikatwe vyembamba. Hivyo viwili vinaweza kuwekwa vibichi. Bamia na mabiringani pia yanafaa, mradi mabiringani yatiwe chumvi kwanza, yaachwe nusu saa, na yakamuliwe.

9. Washa oveni mapema. Ipandishe hadi mwisho wake, nyuzi 250 ukiweza, uiache kwa dakika 30 nzima huku trei moja ikiwa ndani, imegeuzwa kifudifudi. Trei hiyo ya moto ndiyo itakayochukua nafasi ya sakafu ya tanuri la matofali. Moto wa nyuzi 180, kama wa keki, hukausha unga kabla haujapanda.

10. Tandaza unga. Gawa donge vipande 3, viviringe, uviache vipumzike dakika 15 ili visivutike kurudi. Tandaza kwa vidole kuanzia katikati kwenda nje, ukiacha ukingo wa upana wa kidole. Kifimbo cha chapati kinaruhusiwa, ila kisipite kwenye ukingo, kwa kuwa kinautoa hewa.

11. Panga. Paka mafuta kidogo juu ya unga, kisha rojo vijiko vikubwa 5 au 6 tu, likiwa tabaka jembamba kiasi cha unga kuonekana hapa na pale. Tia mozzarella gramu 100, halafu jibini ya Kihindi na mboga. Ikiwa mozzarella yako ni ile ya donge inayokaa ndani ya maji, ikate na uikaushe kwa kitambaa kwa nusu saa kabla.

12. Oka kwa dakika 9 hadi 12, piza ikiwa juu ya trei ya moto, mpaka ukingo upate madoa ya kahawia na jibini itokote. Inua kwa kisu utazame chini; pakiwa bado peupe, haijaiva hata kama juu panapendeza.

13. Iache itulie dakika 2, kisha nyunyizia majani ya dania na, ukipenda, matone ya chatne ya ukwaju. Vitu hivi viwili havipiti motoni.

Ikiwa huna oveni

Njia ya kwanza ni ya kupalia, ile ambayo mama zetu wameipikia mkate wa sinia. Weka vipande 3 vya tofali kavu ndani ya sufuria kubwa tupu, uiweke sufuria juu ya jiko la makaa kwa dakika 15 ikiwa imefunikwa. Usitumie mawe ya ufukweni, kwani yenye maji ndani yake yanaweza kupasuka kwa moto. Ingiza sinia lenye piza juu ya matofali, funika kwa kifuniko bapa cha bati, uyapange makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Itaiva kwa dakika 12 hadi 15. Kazi hii ifanyike uani au mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya makaa huua bila kunuka.

Njia ya pili ni tawa. Sukuma unga uwe mwembamba zaidi kidogo, upike upande mmoja mpaka utoe malengelenge na madoa, geuza, kisha paka rojo na upange vitu juu ya upande uliokwisha kuiva. Funika kwa moto mdogo kwa dakika 5 hadi 6. Upande ulioiva haunyonyi rojo upesi, kwa hiyo njia hii, ingawa haitoi ukingo uliovimba, ndiyo ninayompa mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Mgeni asiyekula vitunguu

Majaini, wafuasi wa dini ya Kihindi ya Ujaini, na baadhi ya Wahindu, hawali vitunguu wala thomu, na Majaini wengi huacha pia viazi na mizizi mingine. Kwao anza rojo kwa bizari ya pilau na chembe ya mvuje kama punje ya mchele, uliokaangwa katika samli. Mvuje huo tunaoufukiza watoto majumbani ndio huohuo Wahindi wanaouita hing, na ukikaangwa harufu yake kali hugeuka ikakaribia ya kitunguu kilichokolea. Nunua wa kulia, uliosagwa kwa ajili ya chakula. Mvuje wa unga huchanganywa mara nyingi na unga wa ngano, jambo ambalo si tatizo kwa piza lakini ni vyema ulijue. Tangawizi nayo uiache ikiwa mgeni ni Mjaini.

Mambo yakienda mrama

Katikati pamelowa. Rojo halikukauka, au uliliweka jingi, au mboga zilikuwa na maji. Ikiwa piza imekwisha kutoka, ihamishe juu ya tawa ya moto, bila kifuniko, kwa dakika 3. Chini patakauka ingawa haitakuwa kamili.

Unga haukuumuka. Mara nyingi hamira ilikufa, ama kwa kukaa wazi muda mrefu, ama kwa kutiwa maji ya moto. Ijaribu kwa kuikoroga katika maji vuguvugu yenye sukari: isipotoa povu ndani ya dakika 10, itupe. Maji ambayo kidole hakiyavumilii, hamira pia haiyavumilii.

Unga unarudi nyuma kila ukiutandaza. Umechoka kwa kukandwa na haujapumzika. Uufunike, uuache dakika 15, usishindane nao.

Chini pameungua, juu pabichi. Oveni nyingi ndogo za gesi zina moto wa chini tu. Ipandishe trei hadi ngazi ya juu, na kama bado, weka trei tupu kwenye ngazi ya chini ili ikinge moto.

Ladha imepwaya. Jibini na unga hupunguza makali ya viungo, kwa hiyo rojo likionjwa peke yake linapaswa kuwa na chumvi na pilipili kupita kiasi kidogo. Kwa piza iliyokwisha kuiva, kamulia ndimu na unyunyizie garam masala chembe tu.

Uchungu. Viungo viliungua katika hatua ya 5, au majani ya uwatu yalizidi. Kijiko kimoja cha uwatu kisiwe cha kilima.

Rojo hukaa siku 3 katika friji, na donge la unga hukaa siku moja likitiwa nusu ya hamira na kufunikwa vizuri. Mimi huliona la siku ya pili kuwa tamu zaidi. Piza iliyobaki ipashwe juu ya tawa yenye moto mdogo, ikiwa imefunikwa, kwa dakika 4. Maikrowevu huulainisha unga kwa mvuke, na ule ukavu wote ulioutafuta tangu hatua ya 4 hupotea kwa dakika moja.